Tambi Zisizo Sukari

Miezi minne na siku kumi imekwisha juzi.
Mama katoka eda. Kakoga, kajifukiza,
kafungua dirisha la ukumbini
kisha akakaa kama mtu aliyesahau kiti ni cha nini.
Nikamwambia, leo hupiki. Leo twenda kula nje.
"Nje wapi? Forodhani?"
"Shangani, kwa Mtaliana. Nimeweka meza tangu wiki mbili."
"Meza huwekwa wiki mbili? Kwani harusi?"

Ngazi za mbao, kamba ya kushikia,
yeye mbele na buibui jipya, mie nyuma na mkoba.
Juu pamejaa, mabega wazi, vicheko vya lugha tano,
sisi tukapewa pembeni, karibu na mlango wa jikoni.
Mama akapapenda papo hapo:
"Afadhali. Nitawaona wanalolifanya."

Kijana akaja na aproni nyeusi. "Bonasera, sinyora."
Mama akamtazama kuanzia viatu.
"Wewe mtoto wa nani?"
Kitaliana kikamdondoka pale pale sakafuni.
"Shaame, bi mkubwa. Wa Kombo Mgeni. Wa Mtambwe."
"Kaskazini au Kusini?"
Tangu hapo hatukuwa wageni tena.
Glasi za mvinyo aliziondoa bila kuambiwa,
akaapa mara tatu kuwa nguruwe hakugusa sufuria ile,
na mara ya nne akamtaja mamake.

Menyu nikaisoma kama nilivyofunzwa chuoni,
kuanzia kulia: bei kwanza, jina baadaye.
Pweza, dola ishirini na sita.
"Pweza gani huyo," mama akauliza, "kasoma Ulaya?"

Zikaja sahani nyeupe, pana kama sinia,
na katikati, kijilima.
"Tambi," akasema mama. "Tambi tu. Na sukari wameisahau."
Alisema kwa upole,
kama amwambiaye jirani kanga kaivaa nje ndani.
Akazungusha uma, zikateleza.
Akazungusha, zikateleza.
Mzungu wa meza ya pili akamwonesha kwa kijiko.
Mama akamshukuru, akalaza uma,
akanawa kwa maji ya chupa juu ya kibakuli cha mkate,
akala kwa vidole vitatu,
wala buibui halikupata tone.
Shati la mzungu lilipata manne. Niliyahesabu.

Mimi nilikuwa mbali, kwenye tambi za Idi,
tui, iliki, zabibu zilizovimba,
na baba, mtu mzima na kofia yake,
akigombea ukoko na watoto.

Palikuwa na jani moja, mama kalibakisha mpaka mwisho.
Akalinusa.
"Mrehani huu."
Sauti yake ikashuka ngazi peke yake.
Mrehani wa kikuba chake, pamoja na asumini na mkadi,
usiku ule ambao mie sikuwapo.
Mrehani alioushika kaka mkononi
akauchomeka Mwanakwerekwe, udongo ungali mbichi,
akamimina kopo la maji, akarudi nyumbani kimya.
"Wenyewe wanautia chakulani?"
"Ndiyo, mama."
"Wanaula?"
"Wanaula."
Akafikiri.
"Basi watu hawa hawaogopi kitu."
Akalitia jani mdomoni, akafumba macho,
akatafuna taratibu, mpaka nikaona haya kumtazama.

Bili ikaja ndani ya kijitabu cha ngozi.
"Kiasi gani?"
"Elfu ishirini."
"Ghali!"
Ilikuwa laki mbili na arubaini.
Shaame akaangalia dari.
Aliporudi na chenji alileta na kitu kimeviringwa karatasi,
tawi zima, bichi, linatiririka maji.
Hakusema la nini. Mama hakuuliza.
Akalitia kifuani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa,
na mpaka leo sijui tawi lile lililala mtoni mwake
au kaka alitumwa nalo Mwanakwerekwe.
Nijualo, tulipofika ngazi ya mwisho
mama aligeuka, akaita juu, watu wote wakasikia:
"Shaame! Mara nyengine nitakuja na sukari yangu!"