Nyongeza

Mjane wake alinipa daftari, penseli na raba,
akasema, "Soma, mwalimu. Panapochechemea, nyoosha."
Daftari lanuka iliki na mafuta ya taa.
Juu ya jalada: Twaha Matano, Madeni, Marikiti.
Na ndani, baina ya "Bi Zuhra, bizari, robo, hajalipa"
na "Chuo cha Kuze, mdalasini, amelipa nusu",
mashairi.
Madeni kwa wino. Mashairi kwa penseli.

Mara ya kwanza nilisoma kisahihishaji,
vidole vyagonga meza, nane na nane, nane na nane.
Feni imekufa, umeme umekatika Kibokoni kote,
nami sitaki kusikia mtu, nataka kuhesabu.
Nikafika hapa:

    Mpimaji pima haki, kidole ukiondoe
    Hesabu haifichiki, kwa Mola ujikomboe
    Cha dhuluma hakiliki, kirudi, moyo upoe
    Mizani ikitulia, kidogo tena ukitoe

Mawaidha, nikasema. Mzee wa kusuta watu,
na bado kituo chake kimemshinda: kipande cha mwisho, tisa.
Nikaifuta ile "ki". Utoe. Nane. Safi.
Nikapuliza vumbi la raba, nikafunua ukurasa.

Mara ya pili ilikuwa usiku, sina kazi nalo.
Usingizi ulinikataa, na daftari lilikuwa karibu kuliko maji.
"Kidole ukiondoe."
Hilo si neno la mimbari.
Ni neno la mtu aliyesimama nyuma ya mizani miaka arubaini
akitazama vidole vya wenzake,
na siku moja ya karo, siku ya mvua na soko tupu,
akakiona chake.
"Kirudi, moyo upoe":
nani aijuaye ladha ya moyo uliopoa
ila aliyewahi kuunguzwa?
Nikarudi kwenye madeni, ukurasa kwa ukurasa, kwa tochi ya simu,
hadi hapa, wino mwingine, herufi ndogo:
"Bi Zuhra, nilimpunguzia wakia. Nimpelekee leo."
Na juu yake mkato wa kalamu uliotoboa karatasi.

Hata hapo ile "ki" sikuirudisha.
Nilidhani nimeshamjua.

Asubuhi nikampelekea Bi Mwanahalima daftari lake.
Mikono yake ina unga wa mahamri, mimi namshikia.
Akasoma kwa sauti, haraka, kama apitaye kwao,
na kufika kituo akasita,
mfano wa mtu aliyekosa kidato gizani.
"Kidogo tena utoe…"
Akarudia. Akanitazama.
"Mbona wampunja maiti, mwalimu?"

Kisha akainua mkono wenye unga,
akabana hewa kwa vidole vitatu,
akaiachia juu ya kitu kisichokuwapo.
Hakueleza zaidi. Mafuta yalikuwa yashachemka.

Basi ndivyo alivyokuwa:
mizani imetulia, bei imetajwa,
mteja ashafungua mkoba,
naye abana chembe za bizari, adondosha juu,
macho yako kwingine,
na sindano yashtuka.

Mimi sikununua kwake hata siku moja.
Bizari yangu ni ya paketi, imepimwa na mashine, haizidi.
Uso wake siujui, wala kaburi lake.
Lakini nisomapo sasa, nikifika kituo,
namsikia akijisafisha koo, akigeukia rafu
ili asishukuriwe.

Raba haikufuta vyema. Pale palibaki kivuli,
nami nimepita juu yake, nimekaza mkono.
Jana kijana wa kiwanda cha chapa alinipigia,
adabu nyingi, sauti ya mtu aliyehesabu kwa vidole:
"Mwalimu, ukurasa wa tisa, mstari wa nne, kuna mizani imezidi."

Nimemwambia asome tena.