Maneno ya Barua ya Chennai

Bi Somoe Nambecha aliingia dukani na salfa kwenye nyusi,
barua mkononi, imekunjwa mara nne kama hirizi.
Nisomee, akasema, lakini kwa sauti ya chini.
Mzee Chipojola alikuwa nje, kakalia gunia tupu,
akihesabu pumzi kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Mimi hapa Newala natoa kopi, napiga picha za pasipoti;
ukuta wa nyuma ni shuka jeupe la mama yangu.
Si daktari. Si wakala. Ila herufi hazinikatai.

Rufaa.
Hilo alilijua. Ndanda walimpa, Dar wakampa.
Mlango unaokuonyesha mlango.

Makadirio ya gharama.
Yaani bei? Siyo bei, mama.
Ni bei kabla haijaota meno.

Kifurushi.
Akacheka: cha siku au cha wiki?
Nikasoma: upasuaji, kitanda usiku saba, mkalimani,
dereva wa kuwapokea uwanjani.
Havimo: damu, na lolote litakalozuka.
Kumbe kifurushi chenyewe kimetoboka, akasema.

Daraja.
Hapa hakuningoja. Sisi ni daraja la pili,
zile zilizonyeshewa.

Mzigo, kilo ishirini na tatu.
Mizani ya nani?
Aliuliza haraka, jicho kali,
swali la mtu aliyepunjwa ghalani miaka mingi.
Ya shirika la ndege, nikasema.
Basi tupakie ishirini. Tatu ni zao, tuwaachie mapema.

Kuunganisha ndege: Doha, saa tisa za kusubiri.
Akapunga mkono. Malipo ya mnada aliyasubiri miezi minne.

Msindikizaji.
Hapo akanyamaza.
Kwetu msindikizaji huishia njia panda,
hukabidhi kikapu, hugeuka.
Huyu wa kwenye barua analala kwenye kiti, anasaini,
anajibu mgonjwa asipoweza kujibu.
Fomu ikauliza: uhusiano wenu?
Andika, akasema, tunapulizia mikorosho pamoja.
Mmoja anashika mashine, mwingine anatazama upepo.
Nikaandika: mke. Kisanduku kilikuwa kifupi.

Ukurasa wa tatu, bima ya safari.
Kuchelewa kwa ndege, kupotea kwa begi, jino kuuma,
nikasoma hadi kipengele cha kumi na moja
nikarukia cha kumi na tatu.

Umeruka, akasema.

Hajui kusoma, Bi Somoe. Lakini amehesabu mistari ya mikorosho
tangu mimba ya kwanza,
na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye kumi na mbili,
kimeacha alama ya njano.

Kurejesha mabaki.
Nikalizunguka. Nikasema ni mambo ya kampuni,
utaratibu tu, kwamba ikitokea,
ikitokea kwa bahati mbaya
Wanalipa wao?
Wanalipa.
Mpaka Newala?
Nikasoma tena. Mpaka uwanja wa ndege wa karibu.
Mtwara, basi. Toka Mtwara kaka zake wana gari.
Akakunja kidole.

Tiketi: kwenda na kurudi, tarehe ya kurudi wazi.
Wazi vipi?
Wazi, mama. Haijafungwa.

Sauti ikapenya toka nje, kikohozi nyuma yake:
Somoe! Huko kuna baridi?
Kuna joto, mzee, nikajibu.
Basi lile koti libaki. Tumeokoa kilo mbili.

Kopi mbili na picha nne, elfu tatu na mia nne.
Alilipa kwa noti za kangomba. Nazijua,
hukunjwa ndogo, hutolewa huku mtu akitazama pembeni.
Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua
na korosho zake zimeshauzwa, nusu ya bei,
zingali juu ya mti.
Neno la hilo halikuwemo kwenye barua.