Migomba Miwili

Huko juu migomba haioti.
Ndiyo maana wananihitaji.

Mjukuu wangu Mbusa ameubeba mmoja,
wa pili tumemlipa kijana wa Kyanjuki,
vigogo vibichi, maji yanawachuruzika shingoni,
nami nyuma na bakora, na goti la kushoto
linalojua mvua kabla ya redio.
"Bibi, tunampelekea nani?"
Nikamwambia: panda.

Tumeipita mianzi, tumeipita miti yenye ndevu,
pimbi akalia mchana kweupe, hana adabu,
na pale lobelia zinaposimama
mfano wa walinzi waliosahauliwa zamu
wakawepo, bila kufika, ndivyo walivyo,
watu wa masikio ya jani.
Mbusa aliona ukungu.
Akautua mgomba, akatafuta mtandao.

Erengo ndiye mwari.
Tulicheza kujificha, mimi na miaka saba,
yeye ishirini na tisa, kimo kimoja.
Tangu hapo nimezaa tisa, nimezika wanne na baba yao;
yeye sauti imeanza kukwaruza juzi.
Ananitazama kinywani, anahesabu mapengo,
kwa huruma ya mtoto aliyeona kikapu kimetoboka.

Wakalaza vigogo, wakapanga endara juu yake,
mbao ishirini na moja,
kila ubao mtu mzima mmoja.
Sheria yao: mwari alete sauti
ambayo endara haina,
aliyoisikia mwenyewe, akaificha, akaichonga
katika mti ulioanguka kwa hiari yake,
akaukausha moshini miaka thelathini.
Akigonga, mbao nyingine zikanyamaza,
anarudi kulala na watoto.

Ubao wa bibi mwenye nywele nyeupe ni barafu ikipasuka.
Barafu yenyewe siku hizi haipo hata ya kupasuka;
inaishi humo tu, shubiri tatu za mti.
Mwingine ni chui akinywa maji.
Mwingine ni kile kimya
kabla Nyamwamba haujavunja kingo;
huo hugongwa kwa kidole.

Ubao wa Erengo mfupi, una fundo, haupendezi.
Akagonga.

Ka-bu-ghooo.

Mama. Mlangoni, kambi ya wachimba shaba,
mkono mmoja una unga,
giza linaingia, ugali umeiva, mtoto yuko wapi.
Uso wake ninao, leso yake ninayo.
Sauti sijui ilinitoka mwaka gani;
ilipotea kama funguo, nisijue hata pa kuanzia kutafuta.
Na huyu, jioni zote zile,
nilipokurupuka nikashuka mbio
nikamwacha nyuma ya jiwe, mchezo haujaisha,
alikuwa akiisikiliza.

Wazee wakanong'ona: sauti ya binadamu,
kitu cha kupita.
Bibi wa barafu hakunong'ona.
Aliinua kijiti, akagonga wake.
Akafuata chui. Akafuata kimya, kwa kidole,
kisha sikuweza tena kuwatenganisha;
vigogo vyangu vikatetemeka, vikatoa maji.

Nami nikaitika. Sikukusudia, mdomo ulijifungua:
"Naja, mama! Naja!"
Nikageuka na goti na bakora kuelekea bondeni.

Erengo akacheka kicheko kipya, kizito,
kinampwaya bado, koti la baba.

"Bibi, unaongea na nani?"
Nilimwambia Mbusa anyamaze, asikilize.
Akasikiliza. Akasema ni mvua.
Si haba, kwa mara ya kwanza.

Mwari anayefuata ni baada ya miaka arobaini.
Nimehesabu kwa vidole, nikaacha.
Leo asubuhi nimempeleka shambani,
nikamwonyesha shina lile, na machipukizi yake,
na pale penye udongo mweusi karibu na choo cha zamani.
Akasimama na jembe, akauliza afanye nini.

Nikamwambia: panda.