Ukoko wa Birika

Jumatano, Kimara Korogwe hakuna maji.
Ukifungua bomba linatoa pumzi tu,
kama mtu aliyetaka kusema, akaghairi.

Nachemsha ya kisima, dumu shilingi mia tano, kwa mkopo.
Ndani ya birika kuna ukoko mweupe
ulioishinda siki tangu Pasaka.
Naukwangua kwa ukucha, naulamba.
Kazini nalipwa kwa hilihili:
kuuliza ukoko, nani alipita hapa?

Mlimani, ghorofa ya pili, chini ya kiyoyozi kinachodondosha,
nina chembe ya kimondo, ndogo kuliko chenga ya mchele,
iliyong'oka Mirihi kabla jina lolote halijatamkwa duniani.
Nimeimulika. Nimeitia asidi, tone, tone,
mpaka ikataja: jasi. Chumvi. Mfinyanzi.
Wote jamaa wa maji. Maji yenyewe hayamo.
Ni kufika msibani baada ya arobaini:
sufuria zimesharudi kwa wenyewe, turubai limekunjwa,
zimebaki nyasi zilizolala palipotandikwa mikeka.

Shukurani Mkwizu, mwanafunzi wangu, aliniletea udongo wa Pugu
kwenye mfuko wa sukari, tulinganishe.
Mistari miwili kwenye kioo ikapanda pamoja, ikashuka pamoja,
Pugu na Mirihi,
nikamkumbuka mama, alivyosema mimba yangu
ilimlisha udongo kila alasiri.
Sikumwambia Shukurani. Niliandika tarehe.

Mama Niwaeli ananiuliza juu ya ukuta:
"Daktari, hayo maji yenu ya Mirihi yanafika Kimara lini?"
"Yalikauka, mama. Miaka bilioni tatu na zaidi."
Anafikiri, ndoo tupu kiunoni.
"Na bili waliendelea kuletewa?"

Saa tisa usiku bomba linakohoa.
Linatema wekundu kwanza, kutu ya mabomba ya zamani,
rangi ileile ninayoitazama kazini mwaka wa kumi na moja,
halafu maji, maji kweli, yananguruma ndani ya pipa,
na mtaa mzima unaamka kwa kelele za ndoo.
Mtu anacheka gizani. Mtoto anaitwa, anaitwa tena.

Najaza kila kitu, beseni, sufuria, hata hotipoti.
Glasi moja ya ule wekundu simwagi.
Naiweka dirishani, nisiiguse mpaka asubuhi,
nione kitakachotuama.