Tumbo Wazi

Walituambia: punguzeni.
Tukaanza na milango ya tumbo,
Wilf Garside akilegeza nati moja moja
kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi ya Lincolnshire,
mimi nikishika taa, daftari kwapani,
nikiandika kila kilichotoka, na uzito wake kwa ratili.

Kizimba cha bunduki cha mgongoni: nje.
Cha puani: nje, tundu tukaliziba kwa bati.
Bamba la chuma lililomkinga rubani kisogo,
hapo Wilf alinyamaza, akapangusa bisibisi
mahali palipokuwa pasafi tayari.
Nje.

Walikuwa wakipanda saba. Sasa watano.
Wawili walikuja kusimama mlangoni mwa banda,
mikono mifukoni,
kama jamaa waliosahauliwa kwenye karamu.

Kisha likaja lenyewe, usiku, juu ya trela,
limefunikwa turubai kama maiti ya mkubwa.
Tani kumi. Baruti yake ilimiminwa ya moto, kama uji,
ikakaa wiki nyingi ikipoa
huku sisi tukilalamikia mgao wa sukari.
Tumbo halikulitosha. Likaning'inia nusu ndani, nusu nje,
limeshikwa kwa mnyororo mmoja kiunoni.
Enid wa stoo akasema, "Huyu ana mimba ya pacha."
Tulicheka, halafu tukaacha.

Ilipokimbia, nyasi zililala pande zote mbili.
Ikala njia yote, ikabaki ua tu wa mkulima,
na ndipo nilipoona mabawa yakipinda,
ncha zikiinuka juu
kama mabega ya mtu anayeulizwa jambo
na kujibu, sijui.

Walirudi saa nane. Croasdale, rubani,
alisema lilipoachia tu ndege iliruka yenyewe,
futi mia kadhaa, kama mchukuzi aliyetuliwa gunia.
"Wepesi ule," alisema, "wepesi ule, Maud,"
na chai ikammwagikia suruali asihisi.

Picha zililetwa kesho yake.
Daraja halikuwepo; mto ulikuwa umekunywa udongo.
Wote walitazama hapo.
Mimi niliazima kioo cha kukuzia
nikatazama pembeni, penye nyumba yenye nusu ya paa,
na kamba uani, na juu yake kitu cheupe.
Shuka, nadhani. Moja. Pengine mbili.

Nilifungua daftari nikatafuta safu ya kuliandika.
Wilf akaniita: ndege ya pili iko tayari, lete taa.