Jaribu Tena

Nilikuwa na msemo wangu tayari siku ile:
"Kidole kimoja hakivunji chawa,
ila kwetu kimoja chafungua bomba."
Wafadhili wakacheka, wakaandika.
Mashine yenyewe nyeupe, laini kama yai,
haina ufunguo, haina kadi ya kupotea:
weka kidole, ikujue, kinga dumu lako.

Tukaipeleka Mikindani, mtaa wa Bangladesh,
tukaifunga kwenye ukuta wa kioski cha maji.
Wa kwanza foleni alikuwa Umazi,
madumu matatu, moja limezibwa kwa gunzi.

Akaweka kidole gumba.
"Jaribu tena," ikasema mashine
kwa sauti tuliyoichagua wiki mbili.
Akaweka cha shahada. "Jaribu tena."
Akakipangusa kwa leso, akakipulizia,
akaweka cha kati, akahamia mkono wa pili,
mpaka kumi vikaisha.
"Niwie radhi," Umazi akaiambia mashine.

Nami, Mungu anisamehe,
nikamwambia anawe kwa sabuni.

"Kwa maji yapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Miaka ishirini na sita amebangua korosho.
Mafuta ya ganda yamekula mistari yote,
yakaacha ngozi tambarare, yenye kung'aa,
kama ubao wa darasa siku ya kufunga shule.

Usiku ule, karakanani Mwembe Tayari,
nilijipaka gundi vidole vyote
nione aonavyo yeye.
Bi Swafaa, mkuu wetu, akanikuta
nabembeleza simu yangu isiyonijua.
Hakucheka. Akavuta kigoda.
"Gundi yako itabanduka ukioga," akasema.
"Utakachokijua ni gundi.
Kesho nenda kamuulize mwenyewe.
Na umlipe siku yake, asiyobangua."

Tukaenda sote. Bi Swafaa
akakalia dumu lililopinduliwa,
kalamu kaiacha garini,
akauliza lisilokuwamo kwenye fomu yangu:
"Ukija kwa jirani usiku wa giza,
ajuaje kuwa ni wewe?"

Umazi akacheka, akaligonga dumu:
mbili za haraka, kimya, moja,
kisha mbili nzito.
Nyumba ya tatu mtoto akaitika, "Shangazi, naja!"

Pale kila mtu ana hodi yake.
Sisi tulipita mara nne na vipimo vyetu
wala hatukuisikia hata moja.

Basi Umazi akaja karakanani,
akapewa kiti, akapewa chai, akapewa kalamu nyekundu.
"Shusheni hapa. Mwanangu wa mwisho hafiki."
"Kibati hiki chalia kama msiba. Leteni mbao."
Siku ya kutia sahihi mchoro,
jina lake likatangulia langu.
Iliniuma, sitaficha.
Iliniuma mpaka Ijumaa.

Halafu akaja Lwambi, aliyekuwa kinyozi
kabla mkono haujaanza kumtetema.
Hodi yake ilimwagika ubaoni
kama choroko kwenye sakafu.

"Jaribu tena," ikasema mashine.

Bi Swafaa akainuka, akaizima.
"Nani hapa amekosea?"
Tukaangaliana, kila mmoja
akimtafuta mwenziwe.
"Ni mimi," akasema. "Maneno hayo
niliyapitisha kwa mkono wangu."
Akakaa chini kando ya Lwambi,
wakanyamaza pamoja kitambo.

Siku hizi mashine ikishindwa
huzungumza kwa sauti ya Umazi,
tuliyoirekodi uani kwake,
jogoo akiwika katikati ya neno:
"Sijakujua bado.
Ngoja mimi nijaribu tena."

Yajaribu. Mara yapata, mara yakosa.
Lwambi, kwa sasa, bomba hufunguliwa kwa mkono,
na jina lake nimeliandika ukutani
juu ya meza yangu, kwa chaki,
mahali ambapo msemo wangu ulikuwa.