Dirisha Namba Nne

Mimi ni mpima bahasha. Dirisha namba nne,
posta ya Galați, chini ya saa iliyokwama.
Ukileta barua naiweka kwenye mizani,
nasoma gramu, nabandika stempu, nagonga muhuri.
Yaliyomo si yangu.
Lakini anwani nazisoma. Anwani ni za wote.

Ndiyo maana najua kwamba Aurica Bratosin,
fundi wa kuchomelea, mwenye makovu vidoleni
madogomadogo kama punje za ulezi,
amekuja na bahasha ileile mara tatu
na mara tatu ameondoka nayo.
Kwanza alisema hana chenji.
Kisha, kwamba amesahau kutia sahihi.
Mara ya tatu hakusema kitu. Alisimama tu
akiitazama anwani kama utazamavyo mbwa
aliyewahi kukung'ata, ukijiuliza kama amefungwa.

Ni karakana ya meli, ile ya gati la chini.
Wamebadili jina, wamepaka lango samawati,
wamelipia tangazo la nusu ukurasa:
Njoo, sisi ni familia.
Mshahara? Wa kuridhisha.
Aridhike nani, hawakusema.
Kizuri chajiuza; hicho kilijitembeza
hadi ukutani mwa choo cha stesheni.

Familia! Tudorel, kaka yake Aurica, alikuwa wa familia hiyo
mpaka baridi ile ya miezi minne bila malipo,
alipokabidhiwa mapipa mawili ya rangi
akauze mwenyewe. Hakuna aliyenunua.
Moja bado liko kwenye ngazi za jengo lao, ghorofa ya tatu;
watoto hulikalia wakifunga kamba za viatu.

Mama mkwe humwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Akanijibu mimi, kana kwamba ndimi niliyesema:
"Niliinama, Safta. Mvunguni mlikuwa na vumbi
na kiatu cha aliyeinama kabla yangu."

Redioni wanasema kazi zipo, watu ni wavivu.
Waje wakae nyuma ya kioo hiki siku moja.
Aurica alikwenda langoni saa ya kutoka,
akasimama ng'ambo ya barabara na mbegu za alizeti,
akahesabu: wangapi wanamuaga mlinzi,
wangapi wamefunga viganja kwa matambara,
nani anacheka kabla hajafika kituo cha tramu.
"Watatu," aliniambia. "Katika mia mbili.
Na mmoja alikuwa amelewa."

Alhamisi moja ikaletwa karatasi ya ubao wetu,
nikaipachika mwenyewe kwa pini mbili.
Karakana ndogo ya matishali, Brăila.
Mwandiko wa mkono, tahajia ya kutia huruma.
Mshahara umeandikwa hadi leu ya mwisho.
Na chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine:
Mwaka jana tulichelewesha malipo mara mbili.
Tumeshalipa. Usiponiamini muulize Zamfir muoka mikate;
mwanawe yuko kwangu, naye hanipendi.

Aurica aliisoma hadi foleni ikaanza kukohoa.
Akatoka. Akarudi na mkate kwapani.
"Zamfir anasema ni bahili, anafoka asubuhi,
na hulipa tarehe tano.
Ikiangukia Jumapili, hulipa Jumamosi."

Akatoa bahasha yake ya zamani,
iliyolegea pembe kwa kubebwabebwa,
akakata anwani ya kwanza kwa mistari miwili,
akaandika nyingine juu yake.
Nikamwambia kanuni hairuhusu bahasha iliyokatwakatwa.
Akanitazama.
Nikagonga muhuri.

Gramu ishirini na mbili,
sawasawa na siku zile tatu.
Niliipima tena, maana sikuamini.

Kama alipata kazi, sijui.
Majibu hupitia dirisha namba mbili.